Kuzaana Si Kukomaa: Vichochezi vya Ukuaji na Seli Zijengazo Mayelini Ubongoni

Utangulizi

Mgonjwa aliyepoteza nguvu za miguu, au uoni wa jicho moja, kwa sababu ya maradhi ya ubongo, hubaki na swali moja: je, kilichoharibika chaweza kujengwa upya? Kwa baadhi ya maradhi, sehemu kubwa ya jibu imo katika seli ambazo kazi yake ni kuivika mishipa ya fahamu ala ya mafuta iitwayo mayelini. Seli hizo zina watangulizi wanaobaki ubongoni maisha yote ya binadamu, nao huamshwa wazaane na protini maalumu ziitwazo vichochezi vya ukuaji.

Ni rahisi basi kudhani kwamba tiba ni kuviongeza vichochezi hivyo tu, na wapo wanaouza sindano na matone kwa ahadi hiyo hiyo. Somo hili linaonyesha kwa nini dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Kichochezi kinachoiamuru seli izaane mara nyingi ndicho kinachoizuia isikomae, na seli isiyokomaa haimvishi mtu ala yoyote.

Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya anatarajiwa kuweza kueleza jinsi mayelini inavyojengwa, kutaja vichochezi vikuu na kazi zake, kutofautisha kuzaana na kukomaa kwa seli, na kumshauri mgonjwa au mzazi juu ya yale yanayofaa kufanywa leo. Mgonjwa anayelisoma atapata msingi wa kuuliza maswali sahihi.

Ala ya mishipa ya fahamu

Seli ya neva hupeleka habari kwa umeme kupitia uzi mrefu uitwao aksoni. Aksoni isiyo na ala hupitisha habari kwa kasi ya kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde. Aksoni nene iliyovikwa vizuri yaweza kufikia mita 120 kwa sekunde. Tofauti hiyo huletwa na mayelini, ambayo ni utando uliozungushwa tabaka juu ya tabaka. Utando huo ukikaushwa, takribani asilimia 70 yake ni mafuta na asilimia 30 ni protini. Ala hiyo haiendi mfululizo. Huachiana nafasi ndogo ziitwazo vifundo vya Ranvier, na umeme huruka kutoka kifundo hadi kifundo badala ya kutambaa hatua kwa hatua.

Jina la mayelini lilitolewa na mtabibu Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854. Mwaka 1921 mwanasayansi wa Hispania, Pío del Río-Hortega, alizieleza seli zinazoijenga ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ambazo leo huitwa oligodendrosaiti. Nje ya ubongo na uti wa mgongo, kazi hiyo hufanywa na seli nyingine ziitwazo seli za Schwann, nazo si mada ya somo hili.

Oligodendrosaiti moja yaweza kunyoosha mikono yake na kuvika vipande vya aksoni vinavyofikia 50. Kwa hiyo kifo cha seli moja huacha vipande vingi vya nyuzi vikiwa tupu. Zaidi ya kuharakisha umeme, seli hizi pia huilisha aksoni kwa kuipatia malighafi ya nishati. Aksoni iliyokaa muda mrefu bila ala hudhoofika, na mwishowe huweza kufa. Aksoni ya ubongo ikishakufa haioti tena. Hapa ndipo lilipo jambo la haraka: ala yaweza kurudishwa maadamu uzi wenyewe ungali hai.

Watangulizi wa oligodendrosaiti

Oligodendrosaiti iliyokomaa haigawanyiki. Zinapohitajika mpya, hutoka kwa seli tangulizi. Seli hizo zilielezwa mwaka 1983 na Martin Raff, Robert Miller na Mark Noble, waliokuwa London wakichunguza neva ya jicho ya panya. Baadaye ilijulikana kwamba seli tangulizi haziishi utotoni tu. Katika ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 5 ya seli zote, na zimesambaa karibu kila mahali.

Safari ya seli tangulizi ina hatua nne. Kwanza huzaana, yaani hugawanyika na kuongeza idadi yake. Pili husafiri hadi panapohitajika ala. Tatu huacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Nne huigusa aksoni, huizunguka na kuivika. Hatua hizi hufuatana kwa taratibu kali, na kila moja ina ishara zake.

Vichochezi vya ukuaji na kazi zake

Kichochezi cha ukuaji ni protini inayotolewa na seli moja na kupokewa na nyingine. Juu ya seli inayopokea huwa kuna kipokezi kinacholingana nacho, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Vikikutana, ishara hupenya hadi kwenye kiini cha seli na kubadili mwenendo wake.

Kilichochunguzwa zaidi kwa seli tangulizi ni kichochezi kitokanacho na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda. Kwa kifupi huitwa PDGF. Ijapokuwa jina lake latoka kwenye damu, ubongoni hutolewa hasa na seli jirani ziitwazo astrosaiti na na neva zenyewe. Mwaka 1988 tafiti kadhaa zilionyesha kwamba seli tangulizi zikioteshwa maabara bila PDGF huacha kugawanyika mapema na kukomaa kabla ya wakati wake. Zikipewa PDGF huzaana na kusafiri. Panya waliozaliwa bila aina ya PDGF inayohusika walikuwa na seli tangulizi chache mno, mayelini haba, na mtetemeko wa mwili.

Kichochezi cha pili ni FGF-2. Chenyewe huamsha mgawanyiko, lakini kikiunganishwa na PDGF matokeo huwa makubwa zaidi: mwaka 1990 ilionekana kwamba seli tangulizi zilizopewa vyote viwili pamoja ziliendelea kuzaana bila kukomaa.

Cha tatu ni IGF-1, kinachofanana kwa umbo na insulini. Hiki husaidia seli kugawanyika, lakini umuhimu wake mkubwa ni kuzilinda zisife na kuziwezesha kujenga mayelini nyingi. Panya waliotengenezwa ili watoe IGF-1 kwa wingi ubongoni walipata mayelini zaidi ya kawaida.

Neva nazo hazikai kimya. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba umeme wa aksoni ukizimwa kwa sumu katika neva ya jicho ya panya, mgawanyiko wa seli tangulizi hushuka sana. Maana yake ni kwamba neva inayofanya kazi husaidia kuita mafundi wake.

Ishara ya kusimama

Seli tangulizi iliyopewa PDGF haizaani milele. Maabara zilionyesha kwamba seli moja hugawanyika mara kadhaa, hadi mara 8 hivi, kisha husimama na kukomaa, na seli ndugu zilizotokana na mama mmoja husimama karibu wakati mmoja. Ni kana kwamba kila seli imezaliwa na saa ndani yake.

Hata hivyo saa hiyo yahitaji kengele ya nje ili itii. Mwaka 1994 Ben Barres na wenzake walionyesha kwamba homoni ya tezi ya shingo, yaani thairoidi, ni miongoni mwa kengele hizo. Seli zenye PDGF lakini zisizo na homoni hiyo ziliendelea kugawanyika. Zilipoipata zilisimama na kugeuka oligodendrosaiti.

Jambo hili lina maana kubwa nje ya maabara. Homoni ya tezi hutengenezwa kwa madini joto, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto hukosa ishara nyingi za ukuaji, ikiwemo hii ya kukomaza seli za mayelini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za madini joto kwa siku kwa mjamzito na mama anyonyeshaye. Katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ambako udongo una upungufu wa madini hayo na uvimbe wa shingo umejulikana tangu zamani, chumvi iliyotiwa madini joto ni kinga ya ubongo wa kizazi kizima.

Wingi si hoja

Je, tukiongeza kichochezi, tutaongeza mayelini? Majaribio ya wanyama yametoa jibu lenye pande mbili.

Mwaka 1998 watafiti waliripoti juu ya panya waliotengenezwa ili neva zao zitoe PDGF kupita kiasi. Seli tangulizi zilifurika, na oligodendrosaiti zikazaliwa kwa wingi hata mahali pasipo pake. Lakini zile za ziada zilikufa, na panya walipokua idadi ilirudi kuwa ya kawaida. Sababu ni kwamba seli mpya hushindania ishara za uhai zinazotoka kwa aksoni, na aksoni hazitoshi kuzihifadhi zote. Hata katika neva ya jicho ya panya wa kawaida, takribani nusu ya oligodendrosaiti zinazozaliwa hufa.

Mwaka 2004 jaribio lilifanywa kwa panya wazima walioharibiwa mayelini kwa makusudi. Waliokuwa na PDGF ya ziada walipata seli tangulizi nyingi zaidi kwenye kidonda, lakini ala haikurudi kwa kasi kuliko kwa wenzao. Kizuizi hakikuwa uhaba wa mafundi. Mwaka 2002 matokeo yalikuwa ya kushangaza zaidi: panya wasio na FGF-2 kabisa walipata oligodendrosaiti komavu nyingi kuliko panya wa kawaida baada ya kuumizwa. Ilipoondolewa sauti iliyosema "zaaneni", seli zilipata nafasi ya kukomaa.

Upande wa pili ulionekana mwaka 2007. Panya walioharibiwa mayelini kwa muda mrefu, hadi akiba ya seli tangulizi ikapungua, walinufaika na PDGF ya ziada. Kwao uhaba ulikuwa wa kweli, na kuongeza idadi kulisaidia.

Funzo linalopatikana ni hili: kabla ya kuchagua tiba, sharti ijulikane safari ya seli imekwama hatua ipi. Penye uhaba wa seli, kichochezi cha kuzaana chaweza kufaa. Penye seli nyingi zisizokomaa, kichochezi hicho hicho chaweza kuongeza tatizo.

Kwa wagonjwa wa MS

Multipo sklerosisi, kwa kifupi MS, ni maradhi ambayo mfumo wa kinga wa mwili hushambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo. Hayapatikani kwa wingi karibu na ikweta kama yalivyo Ulaya ya kaskazini, lakini yapo, na mgonjwa wake huweza kuchelewa kutambuliwa kwa sababu tu hakutarajiwa.

Mwaka 2002 uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliougua MS ulionyesha kwamba vidonda vingi vya muda mrefu vilikuwa na oligodendrosaiti changa. Zilikuwa zimenyoosha mikono hadi kwenye aksoni tupu, lakini hazikuzivika. Tafiti zilizofuata ziliunga mkono wazo kwamba katika vidonda vingi hatua iliyokwama ni ya kukomaa. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Sweden liliongeza jambo jingine: katika maeneo ambayo mayelini ilionekana kurudi, seli nyingi zilikuwa za zamani, zilizonusurika. Hivyo kuzilinda zilizopo ni sehemu ya ukarabati.

Majaribio ya kumpa binadamu vichochezi yamekuwa machache. Mwaka 2002 IGF-1 ilijaribiwa kwa wagonjwa 7 wa MS, na vipimo vya MRI havikuonyesha nafuu. Watafiti wengine wakageukia dawa za kusukuma ukomavu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya klemastini, dawa ya zamani ya mzio, kwa wagonjwa 50 wenye madhara ya muda mrefu kwenye neva ya jicho. Habari kutoka jichoni ilifika ubongoni mapema kidogo, kwa milisekunde 1.7 kwa kila jicho. Ilikuwa ishara kwamba ala ya binadamu yaweza kusaidiwa irudi, lakini ongezeko lilikuwa dogo na uchovu ulizidi. Katika utafiti wa baadaye kwa wagonjwa wa MS isiyokoma kusonga mbele, kundi la klemastini lilisimamishwa baada ya baadhi yao kudhoofika kwa kasi zaidi. Mgonjwa asiinunue dawa hiyo dukani kwa nia ya kutibu MS.

Ipo pia hatari ya saratani. Kipokezi cha PDGF huzidi kupita kiasi katika baadhi ya uvimbe wa ubongo uitwao glioma, na panya waliopandikizwa jeni ya PDGF kwenye ubongo walipata uvimbe wa aina hiyo. Ishara inayoiambia seli igawanyike, ikikosa wa kuizima, ni ishara ile ile itumiwayo na saratani.

Kwa watoto njiti

Katika majuma ya 23 hadi 32 ya ujauzito, sehemu nyeupe ya ubongo wa mtoto imejaa seli zilizo katikati ya safari: zimekwisha kuzaana, hazijakomaa. Katika hatua hiyo ni dhaifu mno mbele ya upungufu wa oksijeni na uvimbe unaoletwa na maambukizi. Mtoto anayezaliwa kipindi hicho huingia duniani wakati seli zake za mayelini zikiwa katika hatari kuu, na hii ni mojawapo ya sababu za utindio wa ubongo kwa watoto njiti.

Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba panya wachanga walioumizwa kwa upungufu wa oksijeni, kisha wakapewa kichochezi cha EGF kwa njia ya pua, walipata seli mpya za mayelini na kuimarika kimwenendo. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ni ya panya. Hakuna matone ya pua yaliyothibitishwa kwa mtoto wa binadamu kwa ajili hiyo.

Kinachojulikana kufaa kipo wodini tayari: kumpa mama dawa za kukomaza mapafu ya mtoto pale uchungu wa mapema unapothibitika na huduma zinapotosheleza, kusimamia upumuaji na kiwango cha oksijeni, kuzuia baridi, kutibu maambukizi mapema, na huduma ya kangaruu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto akae kifuani kwa mama saa 8 hadi 24 kwa siku. Kila hatua ya aina hii humwongezea mtoto nafasi ya kuishi, na humpunguzia misukosuko katika majuma ambayo seli zake ni dhaifu.

Mambo ya kuzingatia kazini

Kwanza, kupoteza uoni wa jicho moja kwa siku chache pamoja na maumivu ya kulizungusha, au ganzi na udhaifu unaopanda miguuni, ni sababu ya kumpeleka mgonjwa haraka kwa mtaalamu. Muda ni aksoni.

Pili, mwenye MS asiache dawa zinazotuliza mfumo wa kinga kwa kungoja tiba ya kuotesha mayelini. Dawa hizo hulinda seli na nyuzi ambazo tiba yoyote ya baadaye itazihitaji.

Tatu, upungufu wa vitamini B12 huharibu mayelini ya uti wa mgongo na hutibika ukigunduliwa mapema. Wanaokula mimea pekee, na wanaotumia metformini kwa miaka mingi, wakumbukwe wanapolalamikia ganzi.

Nne, mtoto mchanga mwenye upungufu wa homoni ya tezi aanzishiwe tiba ndani ya majuma ya kwanza ya maisha. Ucheleweshaji haulipiki.

Tano, anayeuziwa sindano za "vichochezi vya ukuaji" au "seli shina" za kuponya ubongo aelekezwe kuuliza maswali matatu: bidhaa hii inasukuma hatua ipi ya safari ya seli? Imejaribiwa kwa binadamu wangapi, na matokeo yalitangazwa wapi? Ni nini kitakachoizima ishara yake ikishafanya kazi? Muuzaji asiye na majibu hana dawa.

Muhtasari

PDGF, FGF-2 na IGF-1 huzifanya seli tangulizi za mayelini zizaane na kuishi. Homoni ya tezi na mguso wa aksoni huzielekeza zisimame, zikomae na kuvika. Ubongo wenye afya hutoa amri zote kwa zamu. Maradhi huivuruga zamu hiyo, na tiba itakayofaulu italazimika kuirejesha. Mpaka hapo, kuilinda aksoni na seli zilizopo ndiyo kazi iliyo mikononi mwa mgonjwa na mhudumu wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kifo cha oligodendrosaiti moja huathiri nyuzi nyingi?
2. Eleza kwa nini panya wasio na FGF-2 walipata seli komavu nyingi zaidi baada ya kuumizwa.
3. Katika hali gani PDGF ya ziada ilisaidia kurudisha mayelini, na katika hali gani haikusaidia?
4. Mama mjamzito anauliza kwa nini anahimizwa kutumia chumvi yenye madini joto. Utamweleza nini kuhusu ubongo wa mtoto wake?
5. Mgonjwa wa MS anataka kuacha dawa zake ili asafiri kwenda kuchomwa sindano za kuotesha mayelini. Taja mambo matatu utakayomfahamisha kabla hajaamua.